TAHADHARI: Memori kadi feki anazouziwa mtu "kwa bei ya klabu"

Wadau wa video, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya klabu zetu akinadi memori kadi kwa "bei ya klabu". Anajitambulisha kama mpiga video mwenzetu, lugha yetu anaijua, na kadi ya GB 512 anaitoa kwa bei ambayo dukani hupati hata ya GB 64. Klabu yetu ilichukua mzigo kwake. Ni feki, tena za aina ambayo unaweza kukaa nayo kwenye kamera muda mrefu usijue kama umepigwa.

Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo tu, GB 32 au hata 16, ila programu inayoiendesha kadi imechezewa ili iiambie kamera kwamba nafasi ni 512. Ukiichomeka inasoma vizuri. Ukirekodi vipande vifupi, vinacheza bila shida. Kasheshe huanza ukishavuka ule ukubwa wa kweli, kwa sababu kadi haigomi wala haitoi onyo. Nyingine hutupa kila kinachofuata, nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya video za awali. Majina ya faili yanabaki yote, pamoja na ukubwa na tarehe zake. Sisi tulirekodi igizo la wanachama tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye kompyuta faili zote zilikuwepo, lakini za sehemu ya pili ziligoma kufunguka, na moja iliyokubali ilitoa sekunde chache za jukwaa, kisha mistari ya kijani na sauti ikakatika.

Sasa tazameni anavyochagua wateja. Sisi wa klabu tunarekodi zoezi, dakika tano hapa, kumi pale, tunahamishia kwenye kompyuta, tunafuta. Kwa mtindo huo kadi haijai kamwe, na GB 32 za kweli zinatosha kumfunika tapeli msimu mzima. Ndiyo maana sifa anazowatumia kutoka klabu nyingine huenda ni za kweli kabisa: watu wameridhika kwa kuwa hawajawahi kuijaza. Siku ya tukio refu ndipo mambo yanapoharibika. Video ya 4K yenye megabiti 100 kwa sekunde hula takribani MB 12.5 kila sekunde, yaani kama GB 45 kwa saa. Kadi yenye GB 32 za kweli inaisha baada ya dakika arobaini na kidogo, na mtu aliyesimama nyuma ya kamera anaendelea kuona taa nyekundu inawaka kama kawaida.

Baadhi ya kadi zake unaweza kuzikamata kwa macho. Alama ya SDHC, ile inayoandikwa kwenye lebo kuonyesha aina ya kadi, inaishia GB 32. Juu ya hapo hadi TB 2 ni SDXC. Kwa hiyo kadi iliyoandikwa SDHC na hapo hapo 256 imejisema yenyewe. Tangazo lake pia linadai kasi ya MB 300 kwa sekunde na lina alama ya II ya Kirumi, lakini picha ya mgongo wa kadi inaonyesha safu moja tu ya vidole vya shaba. Kadi za UHS-II, zile za kasi kubwa ambazo ndizo hubeba alama hiyo ya II, zina safu mbili. Ila msimwite mtu tapeli kwa sababu kadi ya GB 128 inaonyesha 119 kwenye kompyuta. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, hata kadi halali ziko hivyo.

Macho peke yake hayatoshi, kadi ijazwe. Kwa wenye Windows kuna programu ya H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Zinaandika data kadi nzima, kisha zinaisoma upya kuona kama kilichorudi ndicho kilichoingia. Inachosha, sikatai: GB 256 kwa MB 30 kwa sekunde ni zaidi ya saa mbili za kuandika tu, bado kusoma. Iacheni usiku. Muuzaji wetu alikuwa anang'ang'ania tuthibitishe kupokea mzigo siku ile ile, na tulipotaja kupima akasema kujaza kadi "kunaiua". Huo ni uongo mtupu. Kuijaza mara moja hakuna madhara yoyote kwa kadi isiyo mbovu.

Na kuna pigo la pili, ambalo mimi naliona baya kuliko la kwanza. Mkilalamika, anawaelekeza kwa "fundi" wake wa kurejesha video, malipo kwanza. Msitoe hata senti. Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi hurudishika, lakini data ambayo kadi haikuihifadhi kabisa hakuna fundi wa kuirudisha, na iliyoandikwa juu yake imekwenda.

Kama mmeshanunua, hamisheni kwanza kila kinachofunguka, kwa sababu kipimo kinataka kadi tupu. Majibu yake yapigwe picha pamoja na lebo ya kadi, mazungumzo yote yahifadhiwe, na mweka hazina afungue dai kwa njia ile ile mliyolipia kabla muda wa marejesho haujapita. Akiwapa nusu ya pesa ili mfunge dai, kataeni. Dai likishafungwa hajibu tena. Akaunti anabadilisha jina na picha, lakini maelezo ya tangazo ananakili yale yale, hiyo MB 300 na safu moja ya vidole ikiwemo.