Hilux ya kabini mbili kwa kubebea vifaa vya ukarabati wa nyumba

Kwa anayekarabati nyumba yake kidogo kidogo, Toyota Hilux ya kabini mbili ni msaada mkubwa, mradi aielewe mipaka ya bodi yake ya kubebea mizigo, ambayo urefu wake ni takriban mita 1.5 tu. Uzito si tatizo: mifuko 15 ya saruji ya kilo 50, yaani kilo 750, hubebwa bila taabu, ingawa ni lazima ipangwe karibu na kabini ili ekseli ya nyuma isielemewe na usukani usiwe mwepesi kupita kiasi. Kazi ipo kwenye plaiwudi na jipsamu za mita 1.2 kwa 2.4, kwa kuwa nafasi iliyopo kati ya matao ya magurudumu haifiki upana huo. Dawa yake ni kukingamisha mbao mbili nene juu ya matao hayo, kuulaza mlango wa nyuma na kufunga mzigo kwa mikanda imara, huku kitambaa chekundu kikining'inia mwishoni. Marumaru zisimamishwe wima. Nondo za mita 12 ziachiwe lori. Kuzikunja na kuzinyoosha tena, kama wengi wafanyavyo, hudhoofisha chuma, nami siwezi kulipendekeza hilo kwa nyumba ya mtu yeyote.