Vituo vitatu vya kulea mbwa, Casuarina hadi Mambrui: maoni ya dereva wa tuktuk

Kama una mbwa Malindi na unasafiri, au kutwa uko kazini na nyumbani hakuna wa kumwangalia, kuna hawa jamaa wenye vituo vitatu: Casuarina, Watamu na Mambrui. Unampeleka asubuhi, unamfuata jioni, au unamwacha alale huko huko. Jina lao silitaji kwa sababu kuna pahala nitawasema, na mji wetu huu mdogo. Wenye mbwa washawajua.

Mie mwenyewe sina mbwa. Naendesha tuktuk, na abiria wangu wazuri siku hizi ni mbwa wa yale majumba ya ufukweni. Mwenye nyumba yuko Milano, msimamizi wake ananipigia simu, mie nabeba mnyama pamoja na kadi yake ya chanjo. Kwa hiyo vituo vyote vitatu navijua kwa mlango wa nyuma, ule ambao mteja haonyeshwi. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, mie Mwislamu, tena wa madhehebu ya Shafi. Nyuma natandika turubai, na mate yakigusa kiti naosha mara saba, moja kwa mchanga, kisha kazi inaendelea. Wenzangu wa stejini mwanzo walinicheka sana. Sasa ndio hao wanaoniomba namba za wateja.

Nianze na Casuarina, maana ndicho kikubwa na ndicho chenye picha zote unazoziona kwenye simu. Kiko upande wa Silversands, ukuta mweupe, lango la samawati, bahari unaisikia. Siku moja ni shilingi 1,500, kulala ni zaidi. Desemba mpaka Machi hakuna nafasi. Wataliano wamekuja, na wa Nairobi wameteremka na mbwa wao kwenye gari. Pasaka ikipita, masika yakaanza, hoteli nusu zinafunga na kituo kinakuwa kitupu. Ukienda Mei utamkuta askari, redio, na mbwa mmoja wawili wamelala.

Mtu atasema hiyo ni shida ya mwenye biashara, si ya mbwa. Sivyo. Kwa kuwa pesa inaingia miezi minne, wafanyakazi nao ni wa miezi minne. Kijana akishajua kwamba mbwa fulani hali akiona mwenzake karibu na sahani, au kwamba fulani anaogopa ngurumo, msimu umekwisha na kazi imekwisha. Mwaka unaofuata wanaajiriwa wengine, wanaanza upya. Mie ndiye ninayewaambia, "Huyu usimshike shingo," na mie ni dereva tu.

La pili ni joto. Uani wametia saruji yote na juu wameezeka mabati, badala ya makuti ambayo hapa kwetu yako kila pembe. Mbwa hatoi jasho la mwili kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Wale wa pua fupi hata kuhema kwenyewe ni taabu. Machi moja, saa nane mchana, nilifika kumchukua bulldogi wa mteja nikamkuta amejinyoosha, ulimi umegeuka rangi, ndoo ya maji iko juani. Tulimmwagia maji tumboni na miguuni, nikampeleka mbio kwa daktari wa mifugo mjini, akapona. Kituoni waliniambia alikuwa "amechoka kucheza".

Halafu kuna hiyo bahari wanayoitangaza. Mtu wa Malindi anajua kwamba kaskazi, ule upepo wa Desemba mpaka Machi, ndiyo inayosukuma tope la mto Sabaki kuja upande wa mjini, kwa hiyo msimu wao wa pesa ndio msimu wa maji ya rangi ya chai. Mbwa mweupe anaingia, wa kahawia anatoka, na kuoshwa unalipia kando. Kuwa upande wa bahari basi kuna faida kwa picha tu.

Lakini kubwa kuliko yote ni kadi. Casuarina wakati wa msimu hawaiangalii. Naitoa, wananiambia niiweke tu hapo mezani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina dawa, kwa mbwa wala kwa binadamu, na serikali yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vyake ifikapo 2030. Sasa mnawachanganya mbwa wa nyumba ishirini ndani ya ua mmoja bila kusoma karatasi?

Watamu ni habari nyingine kabisa, utadhani wenyewe si hao hao. Kutoka mjini ni kama kilomita 25, unapita Msabaha, unakata kushoto Gede. Nauli ya tuktuk inauma, nakubali. Siku ni shilingi 1,800. Nyumba ni ya kawaida, haina lango la kupigia picha, na bahari huioni. Imefichwa ndani, chini ya miti, ardhi ya mchanga.

Siri ya Watamu ni wakazi. Kule kuna watu wanaoishi mwaka mzima: wazee wa Kizungu waliostaafu, watu wa hifadhi ya bahari, wenye mikahawa, Wakenya wanaofanyia kazi kwenye kompyuta nyumbani. Mbwa wa Watamu wanakuja Julai kama wanavyokuja Januari. Kwa hiyo wafanyakazi ni wale wale, na anayewasimamia ni dada mmoja Mgiriama ambaye hana haraka na hana mchezo. Safari yangu ya kwanza alinisimamisha langoni na jua lote lile.

"Kaka, kadi."
"Si bosi ashakupigia simu?"
"Bosi hajachanjwa wala hahitaji. Nataka ya mbwa."

Alisoma tarehe, akamgeuza mbwa masikio, akampapasa katikati ya vidole vya miguu akitafuta kupe, ndipo akafungua. Mbwa mgeni anakaa banda la peke yake kwanza. Siku moja nikamuuliza mbona kila nikija kuna mtu anaziba ukuta kwa saruji. Akanieleza kwamba kupe wa mbwa hakai majanini tu, anapanda ukutani na kutagia kwenye nyufa, kwa hiyo unaweza kumtia mbwa dawa mpaka uchoke na homa ya kupe isiishe kama ukuta una nyufa. Kuhusu pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa, alinieleza kwamba kirusi chake hudumu ardhini miezi mingi. Ndiyo maana watoto ambao hawajamaliza chanjo hawapokei, hata umlie.

Ufukweni wanawapeleka asubuhi, na wote kwa kamba. Watamu kasa hupanda kutaga, na mbwa aliyeachiliwa hufukua mayai. Wengine wanalalamika mbwa wao hakimbii vya kutosha. Akimbie uani, ua mkubwa.

Tena wana kamera, mwenye mbwa anamwona kwenye simu yake popote alipo. Mtindo huo wameuiga Marekani, kwa makampuni kama Camp Bow Wow iliyoanzia Denver mwaka 2000. Kamera zinafanya kazi vizuri mpaka stima ipotee, na stima ya kwetu unaijua.

Mambrui nitasema kwa ufupi. Unavuka daraja la Sabaki, kama kilomita 15 kutoka mjini. Pahala pazuri kuliko pote: mikanju, upepo, kivuli cha kweli, na mzee mmoja anayewapenda wanyama kwa dhati, anawapikia dagaa na sima kwa mkono wake. Ila mbwa hawapo. Mambrui ni mji wa kale wa Waislamu, mtu gani pale atakuja na mbwa asubuhi? Majumba ya wageni upande ule ni ya msimu, na yamefungwa zaidi ya yalivyofunguliwa. Nikimuuliza mzee, "Baba, leo wangapi?" ananijibu, "Mwanangu, umekuja naye mmoja, basi ni mmoja." Kituo kizuri namna hiyo kinakufa kwa kuwekwa pasipo mbwa.

Kwa maoni yangu hawa jamaa walichagua viwanja kwa kutazama bahari, na biashara hii haihitaji bahari. Ingekuwa yangu, huyo mzee ningemhamishia pale njia panda ya Gede, wateja wa Malindi na wa Watamu wakutane njiani. Na ningefungua kadogo Ngala au Muyeye, mitaa ya humu Malindi, ambako kuna walimu, manesi na watu wa benki wenye mbwa wa kawaida, wanaoondoka alfajiri wakamwacha mnyama kwenye mnyororo kutwa. Hao hawatalipa 1,500, lakini 400 watalipa, na watalipa mwaka mzima.

Kwa sasa: mpeleke Watamu. Mambrui pia, kama safari si tatizo na unataka mbwa wako atunzwe peke yake kama mtoto wa mwisho. Casuarina labda Juni, kukiwa baridi na hakuna msongamano, na hata hapo usome kadi za wenzake kwa macho yako. Nafasi za Desemba Watamu hujaa mapema mno, piga simu kuanzia Oktoba. Nauli ya mbwa ni tofauti na ya mtu, kwa ajili ya turubai na kuosha. Mkubaliane na dereva kabla mnyama hajapanda, maana akishakaa kwenye kiti kumshusha ni kazi nyingine.