Kozi ya balagha ya Wagiriki wa kale: nyota nne, na somo la Lysias ndo lenyewe

Nimeimaliza hii kozi ya video ya balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, na naipa nyota nne kati ya tano, ya tano imeliwa na somo la Demosthenes, yule msemaji maarufu wa Athens, ntalifikia.

Mwanzo ni historia, Corax na Tisias, wanaotajwa kama walimu wa kwanza wa balagha, kule Syracuse kisiwani Sicily karne ya 5 KK, halafu Gorgias, msemaji wa mji wa Leontini, anatumwa Athens mwaka 427 KK kuombea mji wake msaada wa vita na watu wanabaki midomo wazi kwa jinsi anavyoongea. Mwalimu anapita haraka hapo, na kiukweli inatosha.

Utamu unaanzia mahakamani. Athens hukuwa na wakili wa kukusemea, kesi yako unasimama mwenyewe, kwa hiyo aliyejiweza alimlipa mtu kama Lysias amwandikie hotuba akaikariri. Kozi imechukua ile aliyomwandikia mlemavu aliyekuwa anapewa na mji oboli moja kwa siku, yaani sehemu ya sita ya drakma, mtu kamshtaki mbele ya baraza la watu 500 kwamba hastahili maana anaonekana anapanda farasi. Jamaa anajibu kwamba angekuwa na uwezo angepanda nyumbu wake (yule chotara wa punda na farasi) mwenye tandiko, asingekuwa anaazima farasi wa watu. Halafu anaongeza, wenzangu wanatembelea fimbo moja mimi mbili, mbona hilo nalo husemi ni dalili kwamba mimi mzima? Mwalimu anasimamisha kila sentensi anauliza hapa msikilizaji kafanywa nini, na unashtuka kwamba hoja kuhusu mguu wenyewe bado hazijakaa sawa ila wewe ushampenda huyu mtu na mshtaki ushamwona mwonevu.

Hapo ndo anamleta Aristotle na vile vitatu vyake, tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Hivi vitatu nshavisikia kwenye semina nyingi tu, vinasomwa mnapiga makofi mnaondoka. Hapa nimeviona vikifanya kazi, hasa lile neno la Aristotle kwamba imani ya watu kwa msemaji inabidi izaliwe ndani ya hotuba yenyewe, siyo kutokana na sifa alizokuja nazo. Yule mlemavu hakuwa na jina wala cheo, alikuwa na hayo maneno tu!

Zoezi la saa ya maji, kile chombo kinachovuja maji kupima muda wa msemaji mahakamani, nalo zuri sana. Chombo kilichochimbuliwa Athens kinabeba kama lita 6.4 na kinaisha kwa dakika 6 hivi, kwa hiyo unajirekodi dakika 6 basi, ukisoma sheria au ushahidi saa inasimamishwa kama walivyokuwa wanaziba maji wenyewe. Ukijisikiliza unagundua salamu na utangulizi vimekula nusu ya maji.

Sasa Demosthenes. Somo zima ni vile alivyoweka kokoto mdomoni na kuhutubia huku akipanda mlima, habari tunayoipata kwa Plutarch, mwandishi wa wasifu aliyeandika zaidi ya miaka 400 baada ya Demosthenes kufa, wakati hotuba yake ya taji ya mwaka 330 KK, ya kutetea pendekezo la yeye kuvishwa taji la heshima, ipo, imeandikwa, ile iliyomfanya mpinzani wake Aeschines akose hata moja ya tano ya kura na kuhama Athens. Inapewa dakika chache mwishoni! Mtu anayetaka kujifunza kushawishi anahitaji kuona ile hotuba ikifunguliwa kipande kwa kipande kama ya Lysias, kokoto hazitamsaidia kitu akisimama mbele ya watu wasiomwamini.

Sauti ni safi, maandishi chini ya video yapo, na hotuba zote unapakua. Ukiichukua anza moja kwa moja na Lysias, ile historia utairudia baadaye hutapotea.