Dira ya Suunto MC-2 ya herufi G: nimeipima peke yangu kwenye vichaka vya Newala

Nianze na dira yangu ya kwanza, maana ndiyo iliyonifanya nitoe hela mara mbili. Niliiagiza mtandaoni kwa elfu thelathini na tano, ikaja mpya ndani ya boksi. Nilipoilaza mezani, nyumbani Mtwara, ncha nyekundu ya sindano ikainuka ikagusa kioo cha juu, na ncha nyeupe ikalala chini kabisa. Ukiizungusha, sindano inajivuta, inakwama, halafu inaruka ghafla. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu niitikise. Nikaitikisa wiki nzima.

Dira ile haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya dunia. Sumaku ya dunia haivuti sindano kuelekea kaskazini tu, inaivuta na chini pia. Kule Ulaya inayozama ni ncha ya kaskazini, kwa hiyo watengenezaji huongeza uzito kidogo kwenye ncha ya kusini ili sindano ilale sawa. Mstari ambao juu yake sindano hulala bila msaada wowote, kwa hapa Afrika, unapita mbali kaskazini yetu, upande wa Ethiopia. Sisi tuko kusini yake, na kwetu inayozama ni ncha ya kusini, ileile iliyokwisha kubebeshwa uzito. Mzigo juu ya mzigo.

Hayo yote niliyajua baadaye. Kwanza niliingia nayo mashindanoni.

Kazi yangu ni kupima mashamba ya korosho, GPS mkononi kutwa nzima, na labda ndiyo maana nimeupenda sana mchezo huu wa kukimbia kwa ramani na dira, wenyewe wanauita orientiringi. Wenzangu wachache wanaandaa mbio ndefu kule Newala kila mwezi wa saba. Kila mtu anaondoka peke yake, dakika tatu tatu, simu imefungwa kwenye bahasha iliyogundishwa, na ukiirudisha imefunguliwa umetoka. Vituo kumi na tano, kila kimoja kina kibendera cheupe na cha rangi ya chungwa. Ukivipigia mstari ulionyooka unapata kilomita 24. Kwa miguu nilikimbia 31. Hakuna kuuliza njia.

Na ramani yenyewe si ile ya mashindano ya kimataifa, ambako mbio ndefu huchorwa kwa kipimo cha 1:15,000 na kila kichaka kina rangi yake. Yetu ni ile ya serikali ya 1:50,000, imekuzwa ikawa 1:25,000. Kukuza karatasi hakuongezi kitu ambacho mchoraji hakukichora. Uwanda wa Makonde juu ni tambarare, mchanga unaomeza maji yote, na vichaka vimeshonana kiasi kwamba mita kumi mbele huoni. Hakuna mto wa kufuata wala kilima cha kulenga mpaka ufike ukingoni, pale ardhi inapokatika kuelekea bonde la Ruvuma. Katikati hapo umebaki na dira, na hesabu ya hatua zako. Zangu ni 64 kwa mita mia kwenye njia nyeupe, nikihesabu mguu wa kulia tu, na zinafika 80 kichakani.

Mwaka ule wa kwanza, kutoka kituo cha nane kwenda cha tisa ilikuwa kilomita moja na nusu, nusu ya kwanza mikorosho na nusu ya pili vichaka. Ulikuwa wakati wa kupulizia salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, shamba zima lina harufu ile inayowasha macho. Sindano ikakwama bila mimi kujua. Nikaifuata kama nyuzi kumi pembeni, na nyuzi kumi kwa kilomita moja na nusu ni mita 260. Kwenye uwanja wa mpira ungeona kosa lako. Kichakani, mita 260 ni kijiji kingine.

Nikamkuta bibi anachimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unamtafuta nani huku?”

“Niko kwenye mashindano, bibi. Siruhusiwi kuuliza njia.”

Akaniangalia muda mrefu. “Basi kaa ule.”

Akafungua kitambaa, alikuwa na ming'oko ya kuchemsha na chumvi. Nikala nimesimama, nikatoa shukrani, nikarudi nilikotoka nikihesabu hatua hadi kituo cha nane. Dakika hamsini zimekwenda. Ukiwa wawili, mwenzako atakwambia mbona jua liko upande huu. Ukiwa peke yako sindano ndiyo mwenzako, na ikidanganya umedanganywa kweli.

Sasa hii Suunto. Ni kampuni ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1936 na Tuomas Vohlonen, ambaye naye alikuwa mkimbiaji wa mchezo huuhuu na aliudhika na sindano zisizotulia. MC-2 yenye G haina ile sindano ya kawaida iliyogandana na sumaku yake. Sumaku iko peke yake kwenye mhimili, ndiyo inayobeba ule mvuto wa kwenda chini, na sindano inazunguka sawasawa juu yake. Unaweza kuinamisha hadi nyuzi 20 na bado inazunguka. Nimeijaribu mezani, nimeijaribu kwenye bodaboda iliyosimama (mbali na injini), nimeijaribu nikikimbia. Ya zamani nilikuwa lazima nisimame, nishushe pumzi, niiweke kiganjani kama yai. Hii naitazama nikiwa mwendoni.

Kuna skrubu ndogo ya kurekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, na kijifunguo chake kimefungwa kwenye kamba ya shingoni. Kwa ramani za mashindano halisi huihitaji, kwa sababu mistari yake huchorwa tayari kwa kaskazini ya sumaku. Kwa ramani zetu za serikali unaihitaji sana: huku kwetu sindano inaelekea magharibi kidogo. Unarekebisha mara moja usiku kabla ya mbio, unasahau.

Mwaka huu nilipewa kipande cha kilomita mbili kinachoishia kwenye kisima kikavu kando ya barabara ya mchanga. Sikulenga kisima. Nililenga makusudi mkono wa kushoto, kama mita 150, ili nikigusa barabara nijue bila kubahatisha kwamba ninageukia kulia. Ujanja huo unafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba uiamini dira kiasi cha kukosea kwa makusudi. Nilitoka kichakani, mchanga chini ya viatu, nikageuka kulia, hatua tisini na kitu, kibendera kile. Nilipiga kelele peke yangu.

Kasoro? Mfuniko wenye kioo ni kwa ajili ya kulenga mlima au mti wa mbali, na kazini nautumia kila siku. Mbioni, kufungua na kufunga kunakula sekunde, na juu ya uwanda hakuna cha kulenga. Mtu anayetaka kushindana tu atafute ya bamba la wazi, isiyo na mfuniko, yenye sindano ya aina hii. Ni nyepesi na bei iko chini. Yangu ilinitoka zaidi ya laki mbili na nusu pamoja na kusafirisha. Kwa dira ni hela nyingi, sikatai.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya maandishi ya boksi. MC-2 ziko za aina zaidi ya moja. Ikiandikwa NH ni ya kaskazini, mwachie. G ndiyo yetu. Angalia pia ukingo wa bamba una vipimo vya 1:25,000 na 1:50,000, kwa sababu nyingine zimechorwa kwa ramani za Marekani. Na ukishaipata usiilaze mfuko mmoja na simu: sumaku ya spika inaweza kugeuza sindano ikaonyesha kusini, na shambani hutagundua mpaka jua lizame upande usioutarajia.