Kinangop, Naivasha, Elementaita kwa baiskeli: uzoefu wangu na ziara ya kulipia kutoka Nairobi

Mtu wa Nairobi akitaka kwenda Naivasha kwa baiskeli, barabara anazozifikiria ni mbili: ya juu inayopita Kinungi, na ya chini inayoteremka Mai Mahiu. Zote zimejaa malori. Hii ya Mai Mahiu ilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kile kikanisa walichokijenga chini ya mteremko bado kipo. Lakini ukiwa juu ya baiskeli hupati hata nafasi ya kukitupia jicho. Upande huu jabali, upande ule genge, na nyuma trela inakupigia honi. Simshauri mtu yeyote ninayempenda apite pale.

Kwa hiyo nilipoona kampuni moja ndogo ya hapa jijini ikitangaza ziara ya baiskeli ya wikendi ndefu hadi Ziwa Elementaita, swali langu la kwanza kwenye simu halikuwa bei. Niliuliza mnapita wapi.

"Barabara kuu hatuigusi, mama. Tunazungukia Kinangop."

Hapo ndipo nilipotuma nusu ya malipo kwa M-Pesa. Nusu ya pili ililipwa asubuhi ya kuondoka.

Ndani ya jiji hupandi baiskeli. Gari linabeba watu na baiskeli kutoka Westlands alfajiri, kabla foleni haijafunga njia, hadi Flyover, pale barabara ya Njabini inapochepuka. Wapo walionung'unika kwamba walitaka kuanzia mlangoni kwao. Mimi nasema kampuni ilifanya jambo la maana. Kinangop iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi ni kama 1,700 hivi. Mapafu yanahitaji muda kuzoea, na nguvu za kuamkia hazifai kumalizwa kwenye moshi wa Kangemi.

Kutoka Njabini kwenda mji mdogo wa Engineer ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo watalii wengi hawaijui. Kulia kwako milima ya Nyandarua inakusindikiza muda wote, kilele cha Kinangop kikiwa mita 3,906, mara kimefunikwa na ukungu, mara kimejifunua chote. Kushoto nchi inaonekana tambarare mpaka unapofika ukingoni na kuona Bonde la Ufa liko chini yako. Katikati ni mashamba ya viazi na kabichi, ng'ombe wa maziwa, punda wanaovuta mikokoteni, na watoto wanaokimbia kando yako wakikuuliza unaenda wapi. Karibu na Njabini kuna bwawa la Sasumua, ambalo maji yake huja Nairobi. Nimekunywa maji hayo miaka yote na sikuwahi kujua yanatoka kwenye baridi ya namna ile. Beba sweta na glavu, hata kama Nairobi kuna jua kali.

Sasa nizungumzie baiskeli. Tulipewa baiskeli za milimani, tairi pana, breki za diski. Wiki ya kabla ya safari waliniuliza urefu wangu, na kweli baiskeli niliyoletewa ilinitosha. Fundi aliinua kiti, akanipandisha, akanishusha, akakirekebisha tena mpaka goti likanyooka vizuri. Kabla ya mteremko wa kutoka Engineer alisimamisha msafara wote na kukagua breki moja baada ya nyingine. Mzee mmoja kwenye kundi letu pedi zake zilikuwa zimelika, akabadilishiwa palepale. Mteremko ule unashuka zaidi ya mita 600 hadi mjini Naivasha, na fundi alirudia maneno yaleyale kwa kila mmoja wetu: "Bonyeza, achilia. Bonyeza, achilia. Usiishikilie ikachemka." Kwa kazi hii peke yake ninampa alama zote.

Usiku tulipiga hema kando ya Ziwa Naivasha, upande wa barabara ya Moi South Lake. Ukifika pale utaona migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji. Mwaka 2020 ziwa lilifura, likaingia hadi kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na kambi nyingi zikalazimika kurudi nyuma. Kambi yetu ilikuwa na ua wa umeme kwa sababu viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi. Utawasikia. Wasimamizi walituonya mapema tusivuke ua, na walikuwa na mlinzi anayezunguka. Chakula cha jioni kilikuwa ugali, sukuma wiki na samaki wa ziwa lenyewe, na kilitosha hata kwa wale wanaoongeza mara mbili.

Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambazo unaruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli bila gari. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1984, ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, na njia yake kuu ni tambarare kiasi kwamba hata anayeanza ataimudu. Unapita katikati ya pundamilia na ngiri, kuta za mawe mekundu pande zote, twiga wakikutazama bila wasiwasi. Kundi la nyati lilipokatiza njia mbele yetu, kiongozi alituzuia mbali na kutukataza hata kushuka kwenye baiskeli mpaka wapotee vichakani. Korongo la Ol Njorowa hakutuingiza, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa juu. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua wageni mle ndani. Baadhi ya wenzangu walisikitika kulikosa. Mimi nilizidi kumwamini.

Malalamiko yangu ya kwanza ni ya langoni. Ada ya mbuga haimo kwenye bei ya ziara, na hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si kwa pesa taslimu. Kampuni ilitaja jambo hili kwa ufupi mno kwenye ujumbe mrefu, kwa hiyo nusu ya kundi walifika getini hawajalipa, mtandao ukasuasua, na saa nzima ya asubuhi yenye ubaridi ikapotea. Ukienda, lipa ukiwa nyumbani.

Malalamiko ya pili ni makubwa zaidi: gia. Baada ya Kongoni tuliliacha ziwa, tukashika njia ya vumbi inayopanda Eburru, mlima ambao kilele chake kinapita mita 2,800. Hatukwenda kileleni, lakini njia yenyewe inapanda, inapumzika kidogo, inapanda tena. Baiskeli zile zilikuwa na gurudumu moja tu la meno mbele, tena kubwa, na nyuma hakukuwa na la kutosha kulisaidia. Gia nyepesi kuliko zote ilikuwa bado nzito. Vijana wenye miguu ya chuma walipita. Wengi wetu tulisukuma kwa mikono, juani, huku tukijua kwamba nguvu za kupanda tunazo kama tungepewa gia ya kupandia. Baiskeli iliyotayarishwa kwa ajili ya Hell's Gate haitoshi Eburru, na anayeuza ziara inayopita Eburru anapaswa kulijua hilo. Gari la msaada lilikuwepo na hakuna aliyeachwa, ila mimi nililipa niendeshe.

Juu kule kulinituliza. Ardhi ya Eburru inatoa mvuke. Wenyeji hawana mito ya kutegemea, kwa hiyo wanautega mvuke kwa mabomba, unapoa, unakuwa maji ya kunywa na ya mifugo. Mama mmoja alituonyesha mtungi wake ukijaa tone kwa tone, nasi tukanunua kwake viazi vya kuchemsha. Mvuke wa aina hiyohiyo, kule Olkaria upande wa pili wa ziwa, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981.

Kisha Elementaita, chini, jeupe kando kando kwa magadi. Kiongozi wetu alieleza vizuri jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: Naivasha halina mto unaotoka, lakini maji yake ni baridi, hayana chumvi, kwa sababu yanapenya na kutoka kwa kupitia chini ya ardhi. Elementaita halina pa kuyapeleka, jua linayakausha, magadi yanabaki. Wari wanataga mayai kwenye visiwa vyake kisha wanaruka hadi maziwa mengine kutafuta samaki. Ziwa hili, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Heroe walikuwepo siku ile, wengi, upande wa kusini.

Tyubu zote zilikuwa zimetiwa dawa ya kuziba matundu, na kwa miiba ya migunga ya Naivasha hilo ni lazima. Viti ni vigumu. Nenda na kaptura yenye sponji, au beba kiti chako mwenyewe, fundi atakifunga bila kinyongo.

Niliwaandikia kuhusu gia na ada ya mbuga. Kuhusu ada wamebadilisha ujumbe wao, sasa ni mstari wa kwanza. Kuhusu gia wamesema wana baiskeli chache zenye magurudumu mawili ya meno mbele, na anayezitaka aseme anapolipa nusu ya kwanza. Nimeomba moja kwa safari ya Agosti. Hazina bei tofauti.