Taksi za wilchea hapa Dar: gari safi, orodha ndo bado

Naanza na mtungi wa gesi maana huo ndo ulionifikisha kwenye hizi taksi za wilchea. Nyie mnaotembea hamuwezi kujua, ila tangu madereva wa kuita kwa simu hapa Dar waanze kufunga gesi kwenye magari yao, sisi wa wilchea tumepata pigo ambalo hakuna aliyetufikiria. Toyota IST buti lake lenyewe kiduchu, zamani ukiikunja wilchea ukaisukuma kiubishi inaingia, mlango unabamizwa mara mbili safari inaanza. Siku hizi ukifungua buti unakutana na mtungi umejilaza humo, dereva anakuangalia, wewe unamwangalia, halafu anasema "dada hapa hii haiingii", anakata safari, umebaki pembeni ya barabara na jua lako. Sikatai, gesi ni nafuu, hata mimi ningekuwa dereva ningefunga. Ila asubuhi moja nilikataliwa na magari matatu mfululizo kisa buti, la nne likakubali kwa sharti wilchea ikae siti ya mbele na mimi nyuma, na hiyo siti akaitandika gazeti kwanza utafikiri nimempakiza samaki.

Kwa hiyo dada mmoja tunayekutana naye mazoezi aliponiambia kuna vijana wameanzisha huduma ya mtandaoni ya kutafuta taksi za watu wa wilchea, sikuuliza mara mbili. Jina lao sitaliweka, bado wachanga na kuna mahali nitawasema vibaya, na wanaowahitaji wanajuana. Nimewatumia mara nne ndani ya miezi miwili.

Hawana apu, ni websaiti tu na namba ya WhatsApp. Unaweka unapotoka, unapokwenda, siku na saa, inakuletea orodha ya magari na picha, unachagua, unalipa nusu kwa lipa namba, baadaye dada mmoja mwenye sauti ya upole anakupigia kuhakikisha. Usitegemee kuita sasa hivi gari lifike baada ya dakika tano, oda unaweka jana yake. Kwa mtu wa kliniki haina shida maana tarehe yako unaijua mwezi mzima kabla. Ukipigiwa simu ya msiba usiku, hapo rudi kwenye bajaji na Mungu wako.

Fomu yao sasa, hiyo niwape hongera yao kabisa. Wanakuuliza wilchea yako inakunjika au haikunjiki, ya kusukuma au ya umeme, upana wake, unaweza kuhamia kwenye siti mwenyewe au mpaka ushikwe, na ukiwa umekaa kichwa chako kipo urefu gani kutoka chini. Hilo la mwisho nilicheka, nikamwita mdogo wangu akaazima futi kwa fundi cherehani wa jirani akanipima, sentimita 128. Nilikuja kuelewa siku ya safari, kwamba mlango wa nyuma una kimo chake na mtu mrefu aliyekalia mto mnene anaacha utosi pale juu. Aliyeitunga ile fomu ama ana mtu wa wilchea nyumbani kwao ama anakalia yeye mwenyewe. Halafu hapohapo katikati wamechomeka swali "aina ya ulemavu wako", nikaliacha wazi, ikagoma kutuma. Sasa ulemavu wangu na rampu, ule ubao wa kupandishia wilchea garini, vinakutana wapi? Nikaandika "wilchea", ikapita.

Safari ya kwanza ilikuwa Tabata Kimanga kwenda Muhimbili. Kaka kafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama tulivyokubaliana, Noah nyeupe, zile ambazo Toyota wenyewe kule Japani wanazitengeneza maalum kwa wazee na wagonjwa, wanaziita Welcab, na huku zinatufikia mtumba kama Noah nyingine tu. Nyuma upande mmoja siti hakuna, sakafu imeshushwa, akibonyeza rimoti mgongo wa gari unashuka wenyewe taratibu kama ngamia anapiga magoti, rampu analaza. Hiyo rimoti maandishi yake yote ya Kijapani, kwa hiyo kaka kabandika plasta nyeupe ya hospitali juu ya vitufe na kuandika kwa kalamu: SHUSHA, PANDISHA, VUTA. Hicho cha VUTA ndo kilinimaliza. Kuna mikanda miwili inatoka sakafuni, anaipachika kwenye fremu ya wilchea mbele kwa chini, anabonyeza, napanda mwenyewe polepole bila mtu kunisukuma wala kuhema nyuma yangu. Mama alikuwa mlangoni na khanga yake begani, kaka kamwamkia vizuri "shikamoo mama", mama hata hakuitika, kakodoa tu macho, "haa, kumbe!"

Nikishafika ndani anafunga mikanda mingine miwili nyuma ya wilchea, anaitikisa kwa nguvu aone kama inacheza, ndo anakuja na mkanda wangu mimi wa kiunoni na begani. Akasimama kwanza. "Dada, naruhusiwa kuupitisha hapa?" Jamani. Miaka tisa nakalia hiki kiti mwendo, nimenyanyuliwa na makonda, na walinzi wa benki, na mashemeji, kuna mmoja alinibeba kwapani huku simu kaibana na bega anaongea na mkewe habari za luku. Hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa. Niliitikia "pitisha tu kaka" nikageukia dirishani maana machozi ya asubuhi yote ile ya nini.

Ubaya wa Noah uko kwenye matuta. Umekaa karibu kabisa na tairi za nyuma kwa hiyo kila tuta unalipata wewe kwanza, Barabara ya Mandela na malori yake tulifika Buguruni shingo inauma. Beba mto wa shingo, na kama una mpira wa mkojo mwambie dereva mapema aende pole, msione aibu, kaka wa watu hakushtuka hata kidogo nilipomwambia.

Bei. Hapa ndo pagumu. Kwenda tu elfu 30. Safari hiyohiyo kwa gari la kawaida siku nzuri ni kama elfu 10, kwa hiyo nalipa mara tatu kwa sababu miguu haifanyi kazi. Binamu yangu anaishi Uingereza na yeye anatumia wilchea, nilipomlalamikia akaniambia kwao tangu Aprili 2017 dereva wa gari lililoorodheshwa kwamba linabeba wilchea akikutoza zaidi ya anavyomtoza mtu mwingine ni kosa, faini mpaka pauni 1,000, na zile taksi nyeusi za London zote lazima ziwe na rampu tangu mwaka 2000. Sisi nasi sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tangu 2010 ila kwenye taksi unategemea moyo wa dereva na alivyoamkia. Vijana nilipowauliza kuhusu bei walinijibu bila kuzungusha, gari linatoka Mbagala tupu kunifuata na linarudi tupu, na oda kwa siku ni mbili tatu. Nawaelewa. Ila elfu 60 kwenda na kurudi, mazoezi mara mbili kwa wiki, sina hela hizo na sioni nani anazo, kwa hiyo natumia siku za daktari tu. Na kabla hamjaniambia "si upande mwendokasi", napanda sana, zile stesheni zilizoanza 2016 jukwaa limelingana na sakafu ya basi, kama hakuna nyomi naingia peke yangu. Shida kutoka Kimanga mpaka kuifikia stesheni unahitaji gari jingine, tumerudi palepale.

Sasa safari ya pili. Ilikuwa sendofu ya wifi yangu, Mbezi Beach, Noah nikakuta imeshachukuliwa. Kwenye orodha siku ile nilihesabu magari 11 na yote chini yake yameandikwa maneno yaleyale, "inafaa wilchea". Nikachagua moja la elfu 18, picha imepigwa kwa mbele, nikajua ni bei tu imepoa. Saa kumi na mbili jioni nimeshavaa, gauni la kitenge, nywele nimetoka kusuka jana yake, gari linaingia getini. IST. Nikamwambia mdogo wangu nenda kafungue buti uniangalizie. Akarudi anacheka, mtungi huo hapo!

Kijana wa watu mpole kweli, wala si yeye mwenye kosa. Ana keria juu na kamba ya katani, akasema tutaifunga juu, ameshafanya hivyo na wateja wengine. Kunihamisha kwenye siti alijua, aliweka breki za wilchea kwanza, akaikaribisha ubavuni mwa siti vizuri, hapo namsifu. Ila alipomaliza akamgeukia mdogo wangu, "huyu anashukia wapi?" Huyu! Nikamjibu mwenyewe huyu anashukia Mbezi Beach kwenye sendofu na huyu ndo aliyelipa, akaomba radhi, tukaenda. Njiani maeneo ya Mwenge mvua ikadondoka, si kubwa, ya kuloanisha tu, mnajua ilikokuwa wilchea yangu na mto wake. Nimeingia ukumbini nimekalia sponji mbichi, gauni nyuma lina ramani, nikacheza vilevile.

Kesho yake nikapiga simu, yule dada kaomba radhi na elfu 5 ikarudi kwenye simu kabla ya saa sita. Mimi sikuwa nataka elfu 5. Nilimwambia, dada, hayo maneno mawili "inafaa wilchea" mmeyabebesha vitu viwili. Kuna gari ambalo dereva wake yuko tayari kukusaidia kuhama na kuikunja wilchea akaiweka mahali, na kuna gari ambalo unaingia umekaa kwenye wilchea yako na unafungwa hukohuko. Uber kwenye miji ya nje wanakotoa hizi huduma wamezipa majina mawili, Assist ni ile ya dereva msaidizi, WAV ndo ya rampu, mtu haji akakosea. Na kule Uingereza orodha ya halmashauri ya magari ya wilchea haimwingizi kila mwenye moyo mzuri, inaingia gari linalombeba mtu akiwa kwenye kiti chake, na tangu 2022 kila halmashauri inayotoa leseni za taksi imelazimishwa kuwa nayo. Mimi ya kwangu inakunjika, mikono yangu mizima, kwangu IST ni kero na gauni bichi. Kuna kaka pale mazoezini shingo ndo iliumia, anatumia ya umeme, ile kitu na betri zake inapita kilo 100 na haikunjiki popote. Yeye akilipa nusu jana yake halafu asubuhi ikaja IST, siku ya daktari imekufa na tarehe nyingine anapewa baada ya miezi mitatu.

Na kati ya yale magari 11 nimeshayachunguza moja moja kwa kuuliza, yenye rampu ni matatu. Matatu! Wala si aibu, hapa mjini kupata matatu ni kazi kubwa na ningewapigia makofi kama wangeandika hivyohivyo, tuna matatu. Wangeweka na picha ya nyuma mlango ukiwa wazi, rampu imelala, kazi kwisha. Picha za mbele za nini, mimi naingilia nyuma.

Safari ya tatu na ya nne sina maneno mengi, Noah ileile kaka yuleyule, ya nne alichelewa dakika 40 na foleni ya Buguruni ila alipiga mwenyewe kabla sijampigia, daktari nikamwahi. Sasa hivi hata hapitii websaiti kunihakikishia, ananitumia sauti WhatsApp, "dada kesho muda uleule?" Mama naye siku hizi anajitolea kunisindikiza, zamani ilikuwa magoti yanauma, nadhani anachofuata ni kile kitufe cha VUTA.

Kwa hiyo ukitaka kuwajaribu, wajaribu, ila ukishachagua gari usilipe nusu mpaka umpigie yule dada umuulize hivi: naingia nimekaa au nahamishwa? Akisita kidogo tu jua ni keria na kamba. Mimi ushauri wangu wa kutenganisha orodha niliwaandikia kabisa, wakajibu "tumeupokea dada, tunaufanyia kazi", wiki ya tatu sasa. Jana usiku nimefungua kuweka oda ya Jumanne, ile IST iko palepale, wameibadilishia picha, imeoshwa inang'aa, bado ya mbele.