Flashi ya Roma kwa elfu nane, nimeangalia yote mpaka mwisho

Kuna laibrari moja ya muvi huku kwetu pande za Nsambya, Kampala, jina naliacha, kijana anakaa na kompyuta mbili na spika moja kubwa inayopiga kelele tangu asubuhi, ukimpelekea flashi anakujazia. Mimi nimechoka na ngumi na mapenzi ya Kikorea, nikamuuliza huna kitu cha historia, akaniambia, "Mzee wangu, chukua hii ya Roma ilivyoanguka, vipande nane, Kiswahili nimekiweka mwenyewe." Akataka shilingi 10,000, tukavutana mpaka 8,000.

Nianze na mabaya. Flashi ilirudi na virusi, picha zangu zote za harusi ya mdogo wangu zikajificha, kipande cha 3 kimewekwa mahali pa cha 4, na cha 5 hakina sauti kabisa, watu wanafungua midomo tu kama samaki. Nilimrudishia akacheka akasafisha na kujaza upya bure, sawa, lakini boda ya kwenda na kurudi nimelipa mimi.

Tafsiri yenyewe sasa, hapo kijana ana kipaji. Seneta anamwita mbunge, jemadari anamwita afande, na wale walinzi wa mfalme anawaita "vijana wa ikulu". Nilicheka peke yangu usiku alipofika kwa Wahuni, nikadhani anawatukana, kumbe ndio kabila lenyewe lililotoka mashariki na farasi wao!

Ila nagombana naye kwenye jambo moja. Tangu kipande cha kwanza anakuimbia kwamba Roma iliangushwa na wavamizi, wavamizi, wavamizi. Mimi nimezaliwa kambini, marehemu baba alikuwa askari, najua tarehe 20 mama anakopa sukari kwa daftari na mshahara ukiingia tu kambi nzima inanuka nyama ya kukaanga. Kwa hiyo mimi nilikuwa naangalia mshahara wa askari, na ukiufuata huo utaona Roma ilianza kuoza zamani kabla hujamwona mvamizi.

Angalia mwaka 193. Vijana wa ikulu wanamuua mfalme Pertinax, hajamaliza hata miezi mitatu, halafu wanasimama kwenye ukuta wa kambi yao wananadisha kiti cha ufalme kama ng'ombe mnadani. Tajiri mmoja, Didius Julianus, akashinda kwa kuahidi sestersi 25,000, sarafu za Roma hizo, kwa kila askari. Alikaa kwenye kiti siku 66 akauawa. Hiyo sehemu nimerudia mara mbili. Akaja mfalme Septimius Severus, Mwafrika mwenzetu wa Leptis Magna, hiyo Libya ya leo, na wakati anakufa mwaka 211 inasemekana aliwausia wanawe watajirishe askari, wengine wote wawapuuze.

Sasa pesa ya kutajirisha inatoka wapi? Wakachanganya shaba kwenye fedha. Denari, sarafu ya fedha ya mfalme wa kwanza Augusto, ilikuwa karibu fedha tupu, lakini ukifika mwishoni mwa miaka ya 260 sarafu waliyokuwa wanalipia askari haina fedha hata asilimia 5, ni kama maziwa ya yule jamaa wa jerikani anayepita asubuhi, rangi ipo, maziwa hakuna. Bei zikapanda, askari wakataka zaidi, wakaua mfalme, mpya naye akaahidi zaidi, na tauni ikapita humohumo. Kati ya 235 na 284 walipita wafalme zaidi ya 20. Mfalme Diocletian mwaka 301 akaandika bei ya kila kitu kwa sheria, ukizidisha unauawa, na bidhaa zikapotea sokoni. Hapo ndipo nyama yote ya hadithi ilipo na kijana amepita dakika tatu, anakimbilia vita!

Kipande cha 6 ndicho kilinikaa. Mwaka 376 Wagothi, kabila la nje ya Roma, wamesimama ukingoni mwa mto Danubi, mpaka wa Roma, wanawakimbia hao Wahuni, wanaomba kuvuka. Hapo kijana anapiga kelele "wavamizi hao!" jamani, sisi watu wa Uganda tunaijua ile picha, mama ana godoro kichwani na mtoto mgongoni, huyo ni mkimbizi. Valens, mfalme wa Roma ya mashariki, aliwaruhusu kwa sababu alitaka askari wa bei rahisi, halafu maafisa wake wakala posho ya chakula, wakawauzia watu wenye njaa nyama ya mbwa, mbwa mmoja kwa mtoto mmoja aende utumwani. Miaka miwili baadaye, 378, Valens mwenyewe kafa akipigana na Wagothi hao Adrianopoli, Edirne ya Uturuki ya leo, na jeshi lake sehemu kubwa limelala hapo. Ulitegemea nini?

Hata Alaric, kiongozi wa Wagothi, alikuwa anadai cheo, nafaka na mahali pa kukalisha watu wake. Mwaka 408 mji wa Roma ulimpa ratili 5,000 za Kirumi za dhahabu na ratili 3,000 za pilipili manga, yaani karibu tani nzima ya pilipili, na bado 410 akaingia akapora siku tatu. Lakini kwangu mimi pigo ni 439, kabila la Wavandali walipochukua Karthago, hiyo Tunisia ya leo, maana ngano na kodi ya Afrika ndiyo ilikuwa inalisha Roma ya magharibi yote. 468 wakatuma meli nyingi kuirudisha zikachomwa moto baharini, basi hazina ikabaki kopo tupu.

Na mwisho wenyewe mwaka 476 bado ni malipo! Askari wa Italia walitaka theluthi ya ardhi, jemadari wao Orestes akakataa, kiongozi wao Odoacer akamuua na kumshusha mwanawe Romulus, mfalme wa mwisho wa magharibi, katoto tu, akakapa posho kaende kuishi Kampania.

Skrini ikaandika MWISHO. Nikamfuata kijana, nikamwambia we mwanangu, mashariki kule Konstantinopoli walidumu mpaka 1453, iko wapi hiyo? Hakushtuka hata kidogo.

"Ipo mzee, vipande kumi na viwili. Leta flashi."

Nimepeleka, ila safari hii tupu, picha za harusi nimeziacha nyumbani.